Kuchora mti si kazi ngumu: Njia rahisi kwa wanaoanza, kutoka Sumbawanga hadi Kaoze

UKIMPA mwanafunzi karatasi na penseli na kumtaka achore mti, aghalabu atakurudishia mchoro ule ule aliouchora baba yake alipokuwa darasani: mistari miwili iliyosimama sambamba, na juu yake kitu kinachofanana na wingu. Mchoro huo haubadiliki, awe mtoto huyo anaishi Bagamoyo kwenye minazi, Dodoma kwenye mibuyu, au katika kata ya Kaoze, Wilaya ya Sumbawanga, ambako njia ya kutoka mjini hadi bondeni humpitisha mtu kwenye miti ya kila namna.

Jambo la kushangaza ni kwamba hakuna mti wa namna hiyo popote nchini. Mtoto hakuuona mti huo bali aliuiga kutoka kwa mwenzake, naye mwenzake aliuiga ubaoni. Anapochora, macho yake yapo kwenye karatasi tu, ilhali mwembe uliojaa matunda umesimama nje ya dirisha.

Wengi huamini kwamba kuchora ni kipaji ambacho mtu huzaliwa nacho, na kwamba asiyekuwa nacho hana haja ya kujisumbua. Imani hiyo imewafanya watu wengi waweke penseli chini wakiwa bado watoto. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kuchora ni kutazama, na kutazama ni jambo linalofundishika. Aidha, hakuna kitu kinachomfaa anayeanza kuliko mti. Mti hautembei kama ng'ombe, haucheki wala hauchoki kama binadamu anapochorwa, na tawi likikosewa kidogo hakuna atakayelijua kosa hilo.

Mkoa wenye masomo ya kila namna

Mkoa wa Rukwa unafaa sana kwa somo hili kutokana na umbile la ardhi yake. Mji wa Sumbawanga uko juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Upande wa magharibi uwanda huo unashuka kuelekea Ziwa Tanganyika. Upande wa mashariki unaishia kwenye ukingo mkali wa Bonde la Ufa unaojulikana kama Lyamba lya Mfipa. Chini ya ukingo huo, kwenye kiasi cha mita 800, kuna Ziwa Rukwa na vijiji vya bondeni, vikiwamo vya kata ya Kaoze.

Tofauti hiyo ya mita zipatazo 1,000 kati ya juu na chini ndiyo inayobadilisha miti. Juu kuna baridi, upepo na nyasi nyingi. Miti mingi inayoonekana karibu na makazi ni ya kupandwa, hususan mikaratusi na misonobari, wakati msitu wa asili umebaki katika sehemu kama Milima ya Mbizi. Kwenye miteremko kuna miti ya miombo. Bondeni, kwenye joto, kuna migunga, miembe na mipapai.

Uchache wa miti ya asili juu ya uwanda huo nao una historia yake. Wafipa walikuwa wafua chuma mashuhuri, na tanuru zao za udongo, ambazo zilizidi kimo cha mtu, zilihitaji mkaa mwingi. Mabaki ya baadhi ya tanuru hizo yangali yakionekana hadi leo. Mkaa huo, pamoja na kilimo na moto wa nyasi wa kila kiangazi, ni miongoni mwa mambo yanayotajwa kuwa yaliupunguza msitu. Kwa hiyo anayejifunza kuchora miti katika eneo hili anachora kitu ambacho kimekuwa kikipungua kwa vizazi kadhaa.

Vifaa visivyo na gharama

Anayeanza hahitaji duka la vifaa vya sanaa. Penseli ya kawaida ya shuleni yenye alama ya HB inatosha kwa mistari, na akipata moja laini zaidi yenye alama ya 2B au 4B ataitumia kutia vivuli. Penseli zenye herufi B hutoa weusi mwingi zaidi kadiri namba inavyopanda, na zenye herufi H ni ngumu na hutoa mstari hafifu. Kifutio kiwepo, lakini kisitumike ovyo. Anayefuta kila mara hujifunza kufuta badala ya kujifunza kuchora.

Karatasi iliyotumika upande mmoja inafaa kwa mazoezi. Mahali ambapo hata hiyo haipatikani, mchanga laini na kijiti vinatosha kwa hatua za kwanza, na chaki juu ya ubao huwawezesha wanafunzi wengi kujifunza kwa pamoja.

Kifaa kingine ambacho wachoraji duniani wamekitumia kwa karne nyingi ni mkaa, nao unaweza kutengenezwa nyumbani. Vijiti vikavu vyenye unene wa penseli hubambuliwa magome, hupangwa vikiwa vimebanana ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, na kopo hilo hutobolewa tundu dogo la kupitishia moshi. Kisha kopo huwekwa kwenye makaa ya moto. Moshi ukikoma kutoka, kopo hutolewa na kuachwa lipoe kabisa kabla ya kufunguliwa, kwa sababu hewa ikiingia mapema vijiti huwaka na kugeuka majivu. Tundu hilo lisisahauliwe, kwani gesi ikikosa njia inaweza kukirusha kifuniko. Kazi hiyo ifanywe na mtu mzima, au na mtoto aliye chini ya uangalizi.

Mkaa ni mzuri kwa anayeanza kwa sababu haumruhusu kuhangaika na vitu vidogo vidogo. Humlazimisha kuona umbo kubwa kwanza.

Hatua ya kwanza: Kutazama

Kabla ya kugusa karatasi, mchoraji akae umbali unaomwezesha kuuona mti wote bila kuinua kichwa. Kanuni rahisi ni kukaa mbali kiasi cha mara mbili au tatu ya urefu wa mti wenyewe. Akikaa karibu mno, atachora shina kubwa na matawi yaliyobanwa juu ya karatasi.

Akiwa hapo ajiulize maswali matatu. Kwanza, je, mti huu kwa jumla una umbo gani: duara, pembetatu, mwavuli au yai? Pili, shina tupu, yaani sehemu isiyo na matawi, ni sehemu gani ya urefu wote: nusu, robo au chini ya hapo? Tatu, mwanga unatoka upande gani?

Njia nzuri ya kujibu swali la kwanza ni kufinya macho hadi majani yasionekane moja moja. Kinachobaki ni umbo tu, na umbo hilo ndilo la kuchora.

Wakati nao una umuhimu wake. Saa sita mchana jua huwa utosini na kivuli hujikusanya chini ya mti, hivyo mti huonekana bapa. Saa mbili asubuhi au saa kumi jioni mwanga hutoka ubavuni, upande mmoja wa mti ukang'aa na mwingine ukawa giza. Kwa anayeanza, saa hizo ndizo zinazofaa.

Hatua ya pili: Kupima

Mchoraji ananyoosha mkono wote mbele akiwa ameshika penseli wima, anafumba jicho moja, na kulinganisha ncha ya penseli na kilele cha mti. Kisha anashusha kidole gumba hadi mahali shina linapogusa ardhi. Kipande kilichopatikana ni urefu wa mti. Bila kukunja mkono, anailaza penseli na kupima upana wa matawi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Mara nyingi matokeo huwashangaza wanaopima kwa mara ya kwanza. Mwembe uliosimama peke yake unaweza kuwa na upana unaokaribia au kuzidi urefu wake, ilhali wengi huuchora ukiwa mrefu na mwembamba kama chupa. Baada ya kupima, mchoraji achore kwa mstari hafifu sana kisanduku chenye uwiano huo, na mti wote uingie ndani yake.

Hatua ya tatu: Shina na matawi

Shina si nguzo ya umeme. Huwa pana zaidi linapoingia ardhini, ambako mizizi huanza kutawanyika, na huendelea kupungua linapopanda. Mstari wa chini usikatwe kwa rula. Uachwe upanuke kidogo pande zote mbili, mfano wa mguu uliokanyaga tope.

Namna rahisi ya kuchora matawi ni kutumia herufi Y. Shina hugawanyika kuwa Y kubwa, kila mkono wa Y hiyo hugawanyika kuwa Y ndogo, na kuendelea hivyo hadi kwenye vitawi vyembamba kama uzi. Msanii wa Italia, Bruno Munari, alitoa mwaka 1978 kitabu kizima kuhusu kuchora mti kilichojengwa juu ya wazo hilo la kugawanyika: tawi ni jembamba kuliko lililolizaa.

Swali linalofuata ni tawi lipungue kiasi gani. Jibu lilitolewa zaidi ya miaka 500 iliyopita na Leonardo da Vinci, aliyefariki dunia mwaka 1519. Katika maandishi yake alieleza kwamba matawi yote ya mti katika kimo chochote, yakikusanywa pamoja, unene wao hulingana na wa shina lililo chini yao. Si sheria isiyovunjwa na mti wowote, lakini inamsaidia sana mchoraji. Kwa hesabu hiyo, shina lenye upana wa milimita 10 kwenye karatasi likigawanyika matawi mawili yanayolingana, kila tawi litakuwa na upana wa kiasi cha milimita 7, wala si 5, kwa kuwa kinachogawanywa ni eneo la mkato wa shina na si upana wake. Kanuni hiyo peke yake huondoa kosa la kubandika vitawi vyembamba kwenye shina nene ghafla.

Hatua ya nne: Majani kwa mafungu

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Mti mkubwa una majani maelfu kwa maelfu na hakuna mchoraji awezaye kuyahesabu. Dawa yake ni kuyachora kwa mafungu. Ukifinya macho utaona kwamba majani hujikusanya katika vichaka vitano, sita au kumi vilivyopandana, kila kimoja kikiwa juu ya tawi lake. Kila kichaka kipewe ukingo wake wa mistari mifupi iliyovunjika, si mstari mmoja unaozunguka kama uzio.

Kati ya vichaka hivyo yaachwe matundu. Ndege hupita kwenye matundu hayo, na anga huonekana. Mti usiokuwa na matundu huonekana kama jiwe lililowekwa juu ya mti mwingine. Ndani ya matundu hayo vipande vya matawi vionekane kidogo, ili mtazamaji aamini kwamba shina linaendelea hadi juu.

Hatua ya tano: Mwanga, kivuli na ardhi

Mchoraji achague upande mmoja wa mwanga na asiubadilishe. Iwapo jua linatoka kushoto, basi kila kichaka cha majani, kila tawi na shina vitakuwa na weusi upande wa kulia na chini. Upande wa kushoto uachwe mweupe, karatasi ikiwa ndiyo mwanga wenyewe. Hatimaye, kivuli cha mti kilazwe ardhini kuelekea kulia, na nyasi chache zichorwe mbele ya shina. Bila kivuli hicho mti huelea hewani.

Miti mitano ya kuanzia

Baada ya kuelewa hatua hizo, anayejifunza anaweza kuanza na miti mitano, kwa mpangilio anaokutana nao msafiri anayeshuka kutoka uwanda wa juu hadi bondeni. Kila mmoja unafundisha jambo lake.

Wa kwanza ni mkaratusi. Mti huu wenye asili ya Australia una shina refu lililonyooka, na sehemu ya chini aghalabu haina matawi. Huchorwa kwa kuanza na mstari mrefu ulioinama kidogo, kwa sababu juu ya uwanda wenye upepo si kila mti husimama wima kabisa. Majani yake marefu na membamba huning'inia, kwa hiyo mistari ya majani ielekee chini. Gome lake hubambuka vipandevipande, nalo huonyeshwa kwa mistari michache mirefu na mabaka. Mkaratusi unafundisha wima na uwiano.

Wa pili ni msonobari, ambao wengi huuita mpaini, mti uliopandwa kwa wingi katika mashamba ya miti ya Nyanda za Juu Kusini, likiwamo lile la Sao Hill, Mufindi. Msonobari mchanga ni pembetatu ndefu yenye mstari mmoja katikati. Matawi hutoka kwa ngazi, ya chini yakiwa marefu na ya juu mafupi. Majani yake ni kama sindano, hivyo huonyeshwa kwa mistari mifupi ya haraka. Tahadhari ni kwamba msonobari ukizeeka hupoteza ncha yake na kilele chake huwa mviringo. Huu unafundisha umbo la jumla.

Wa tatu ni myombo, mti wa miteremko. Shina lake hugawanyika na matawi hupanda na kutanuka, mfano wa faneli, kisha kichwa cha mti hulala tambarare kiasi. Ndiyo sababu herufi Y hufanya kazi vizuri zaidi hapa. Mwenye rangi asikimbilie kijani. Mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua kuanza, majani machanga ya miombo hutoka yakiwa mekundu na ya rangi ya shaba, na mteremko mzima huweza kuonekana kana kwamba unawaka. Mtoto aliyefundishwa kwamba majani ni ya kijani daima hatayaona hata akiyatazama.

Wa nne ni mgunga wenye kilele bapa. Huchorwa kama mwavuli: shina, kisha matawi yanayotawanyika kama mbavu za mwavuli, kisha tabaka jembamba la majani lililolazwa juu. Majani yake ni madogo mno, hivyo vitone na mistari hafifu vinatosha, na anga lionekane kwa wingi. Mgunga unafundisha kuacha nafasi wazi, jambo ambalo wanaoanza huliogopa.

Wa tano ni mwembe. Huu ni nusu duara kubwa juu ya shina fupi na nene. Majani yake ni mazito na weusi ndani yake ni mwingi, kwa hiyo ndio mti bora wa kujifunzia vivuli. Mchoraji atazame pia ukingo wa chini wa majani. Penye ng'ombe na mbuzi, ukingo huo mara nyingi umenyooka kama uliokatwa kwa rula, kwa kuwa mifugo hula majani yote inayoyafikia. Mstari huo mmoja unaeleza mengi kuhusu kijiji kuliko maneno.

Atakayeimudu mitano hii anaweza kuongeza mninga kwa kuchora tunda lake tu: kisahani cha mviringo chenye bawa pembeni na miiba katikati. Ni zoezi dogo la dakika kumi, na baada yake hakuna atakayeusahau mti huo.

Makosa yanayojirudia

Yapo makosa ambayo karibu kila anayeanza huyafanya. La kwanza ni kupanga matawi jozi jozi pande mbili za shina, mfano wa mifupa ya samaki. Matawi ya miti mingi hupishana. La pili ni kuchora matawi ya kushoto na kulia pekee, kana kwamba mti ulibanwa kati ya vioo viwili. Matawi mengine huja mbele kuelekea kwa mtazamaji, na hayo huchorwa mafupi na yenye weusi kwa chini.

La tatu ni kuuzungushia mti wote mstari mweusi wenye unene mmoja. La nne ni kuanza na majani kabla ya shina, mwishowe shina likakosa pa kupita. La tano, ambalo ndilo baya zaidi, ni kuacha baada ya mchoro wa kwanza. Michoro kumi ya mti mmoja, kila mmoja ukichukua dakika tano, humfundisha mtu zaidi ya mchoro mmoja wa saa nzima.

Waliotangulia

Anayeanza asidhani kwamba lazima mti wake ufanane na picha ya kamera. Historia ya sanaa nchini ina mifano tofauti kabisa. Sam Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923 Machame, Kilimanjaro, na kusoma Makerere, alichora maisha ya kijiji yakiwa yamezungukwa na migomba na miti ya mlimani. Mojawapo ya picha zake, inayowaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imo katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Mimea katika picha zake si ya kamera, lakini mtazamaji hujua mara moja kwamba yuko Kilimanjaro.

Kwa upande mwingine, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 akitumia mbao laini za kiwandani na rangi za kung'aa. Alifariki dunia mwaka 1972, lakini mtindo unaobeba jina lake umeendelezwa na wengine hadi leo. Katika picha nyingi za mtindo huo mti hurahisishwa ukawa shina lililopinda na majani machache makubwa yanayojirudia. Urahisi huo haukutokana na kutojua, kwani mchoraji huamua kwanza kitu gani katika mti hakiwezi kuachwa, kisha huacha vingine vyote.

Zaidi ya mapambo

Wapo watakaouliza kuna faida gani kujua kuchora mti katika zama ambazo simu hupiga picha kwa sekunde moja. Jibu la kwanza linatoka kwa wanasayansi wa mimea. Mradi wa vitabu wa Flora of Tropical East Africa, ulioanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012 kwa kuratibiwa na Bustani za Kifalme za Kew, Uingereza, ulieleza zaidi ya aina 12,000 za mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda. Vitabu hivyo vina michoro ya wino. Mchoro mmoja unaweza kuonyesha ua la mwezi huu, tunda la miezi mitatu baadaye na upande wa chini wa jani, vyote katika ukurasa mmoja, jambo ambalo picha moja ya kamera haiwezi kulifanya.

Jibu la pili ni la shuleni. Mtaala wa elimu ya msingi ulioboreshwa mwaka 2023 una somo la Sanaa na Michezo. Somo hilo halihitaji jengo maalumu wala vifaa vya bei kubwa pale ambapo kuna mti nje ya darasa. Mwalimu akiwatoa wanafunzi nje kwa kipindi kimoja, akawagawia maswali yale matatu ya kutazama, tayari amefundisha sanaa, amefundisha uwiano wa hisabati, na amegusa elimu ya mimea.

Jibu la tatu ndilo lenye uzito zaidi kwa watu wa Ufipa na Bonde la Rukwa. Mtu hawezi kulinda kitu asichokitofautisha na kingine. Kwa mtoto ambaye miti yote ni mistari miwili na wingu, mninga uliokatwa kwa ajili ya mbao na mkaratusi uliopandwa mwaka jana ni kitu kimoja: umeondoka mti, umekuja mti. Aliyekaa chini ya mninga nusu saa akifuata tawi lake moja baada ya jingine hawezi kukubali hesabu hiyo kwa urahisi. Atajua kwamba kilichoondoka kilichukua miongo mingi kufikia umbo lile.

Kwa sababu hiyo, wanaoanza wanashauriwa kuwa na desturi moja ndogo. Chini ya kila mchoro yaandikwe mambo matatu: jina la mti, likiwamo la lugha ya nyumbani iwapo wazee wanalijua, mahali uliposimama, na tarehe. Mti huo huo uchorwe tena baada ya mwaka mmoja, kutoka mahali pale pale. Tawi lililovunjwa na upepo litaonekana, gome lililobanduliwa kwa ajili ya kamba au mzinga litaonekana, na chipukizi jipya litaonekana.

Daftari la namna hiyo likitunzwa na darasa moja kwa miaka mitano au kumi, litakuwa kumbukumbu ya miti ya kijiji iliyoandikwa na watoto wenyewe. Na ikitokea kwamba siku moja mmoja wa miti hiyo haupo tena, kijiji hakitahitaji kubishana kuhusu ulikosimama wala jinsi ulivyokuwa. Utakuwemo daftarini, pamoja na jina lake.